Visafishaji vya nyumbani kwenye nyumba ya maji ya chumvi: tathmini ya sabuni ya maji ya mtaani, sabuni ya nazi, magadi, siki na majivu

Sabuni kutengenezwa nyumbani ni jambo moja, na sabuni hiyo kuwa salama kwa mikono, kwa kisima na kwa shimo la maji taka ni jambo jingine kabisa. Nalisema hili mapema kwa kuwa hapa Kigamboni, madukani, sokoni na kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa wetu, bidhaa nyingi za usafi zinauzwa kwa sifa ya kuwa za asili, zisizo na kemikali na rafiki wa mazingira, ilhali wauzaji wachache mno ndio wanaoweza kumweleza mnunuzi kilichomo ndani ya chupa. Bidhaa ninazozitathmini hapa zimepita jikoni, chooni na kwenye kamba ya nguo ya nyumba yetu kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na kila moja nimeipima kwa mambo matatu: je, inatoa uchafu, inamfanya nini mtu anayeishika, na maji yake yakishamwagwa yanakwenda kufanya nini huko yaendako.

Ni lazima nieleze kwanza hali ya maji yetu, maana bila hiyo tathmini hii haitamfaa msomaji. Tunatumia maji ya kisima kirefu, nayo, kama ilivyo kwa visima vingi vya ukanda wa pwani, yana chumvi na chokaa. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo hukamatana na sabuni ya kawaida na kufanya utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni na kung'ang'ania kwenye kola za mashati, na povu halionekani mpaka sabuni nyingi iwe imekwisha kupotea bure. Mtu anayetumia maji laini ya mvua au ya mto atapata matokeo mazuri kuliko yangu kwa baadhi ya bidhaa hizi. Vilevile, maji machafu ya nyumba yetu hayaendi kwenye mtambo wowote wa kuyasafisha. Yanaingia chemba, kisha shimoni, kisha yananywea kwenye mchanga, na mchanga huo huo ndio tunaouchimbia visima. Kwa sababu hiyo, kujua kilichomo kwenye ndoo ya kudekia ni hitaji la kila nyumba hapa mtaani, ya mwenye nacho na ya asiye nacho.

Nianze na sabuni ya maji inayotengenezwa uani na kuuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, au kwenye dumu la lita 5 kwa wanaonunua nyingi. Ndiyo bidhaa ya nyumbani iliyoenea kuliko zote mtaani kwetu, inalisha familia nyingi, na bei yake huwa chini ya ile ya kiwandani. Jirani yangu mmoja, aliyejifunza kazi hii kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, aliniruhusu nikae karibu naye akitengeneza, nami namshukuru kwa sababu nilichokiona kilinifundisha kuliko lebo yoyote. Kwenye pipa la plastiki alimimina kwanza salfoniki asidi, kimiminika kizito cha rangi ya kahawia kilichokolea, chenye harufu inayochoma pua. Akaongeza slesi, kemikali ya kutoa povu, nyeupe na yenye kuvutika, akakoroga kwa mwiko mrefu wa mti kwa kuelekea upande mmoja, akaanza kuongeza maji. Sodaashi alikuwa ameiyeyusha pembeni, akawa anaitia kidogo kidogo huku mchanganyiko ukiumuka, kwa sababu asidi na sodaashi zinapokutana hupozana na kutoa hewa ya ukaa. Baada ya glisirini, rangi na manukato, sabuni ilikuwa bado nyepesi inayomwagika kama maji. Mwisho alichukua chumvi ya kawaida ya jikoni iliyoyeyushwa, akaitia kwa kikombe, na ndani ya muda mfupi mwiko ulianza kuwa mzito mkononi mwake.

Nilipomuuliza chumvi ile inasafisha nini, alinijibu kwa uwazi: "Jirani, haisafishi kitu. Watu wananunua uzito." Hilo ni jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Uzito wa sabuni ya maji unatokana na chumvi, na hausemi lolote kuhusu nguvu yake. Mtengenezaji akizidisha chumvi, sabuni hurudi kuwa nyepesi tena au ikajigawa. Povu nalo ni hivyo hivyo, maana kuna malighafi zinazoongezwa kwa ajili ya povu tu. Kipimo cha kweli ni sahani ya mafuta: weka sabuni kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji, osha vyombo vya pilau mpaka mafuta yaanze kubaki kwenye vidole, halafu linganisha na sabuni nyingine kwa kiasi hicho hicho.

Je, sabuni hii ni rafiki wa mazingira kuliko ile ya kiwandani? Jibu langu ni hapana, na sioni sababu ya kulizungusha. Salfoniki asidi inatokana na mafuta ya petroli, na ni ile ile inayotumika viwandani kutengenezea sabuni za unga. Historia yake inaeleweka vizuri. Kemikali za povu zilizotumika baada ya vita kuu ya pili zilikuwa na minyororo yenye matawi ambayo bakteria walishindwa kuivunja, mito ya Ulaya na Marekani ikajaa povu, na katika miaka ya 1960 viwanda vikahamia kwenye minyororo iliyonyooka, ambayo bakteria huila na kuimaliza mahali penye hewa ya oksijeni. Tatizo letu ni kwamba ndani ya shimo la maji taka oksijeni haipo, au ipo kidogo sana, na huko kemikali hii huoza kwa taabu. Kwa hiyo hoja ya msingi kwa sabuni ya maji, iwe ya uani au ya kiwandani, ni kutumia kidogo. Jirani yangu huwaambia wateja wake wachanganye na maji kabla ya kuosha vyombo badala ya kuimimina moja kwa moja juu ya dodoki, na kwangu huo ndio ushauri bora wa mazingira niliowahi kuusikia kwa muuza sabuni.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni fomalini. Mapishi mengi ya sabuni ya maji yanayozunguka mtaani yanaitaja kama kitu cha kuzuia sabuni isiharibike. Fomalini ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, nayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeivuta hewa yake kwa wingi ni yule anayeitengeneza sabuni, mara nyingi mama akiwa na mtoto mgongoni, kwenye chumba kisicho na dirisha la kutosha. Muulize muuzaji wako kama anaitumia. Jirani yangu aliiacha. Anatengeneza kidogo kidogo, inakwisha kabla haijaharibika. Muulize pia kama anapima kwa karatasi za kupimia asidi kabla ya kufunga chupa, kwa kuwa sabuni ambayo asidi yake haijapozwa vizuri ndiyo inayobabua vidole, na ile iliyozidishwa sodaashi nayo hukausha ngozi mpaka ikapasuka. Karatasi hizo si za gharama kubwa, na mtengenezaji asiyezijua hafai kupewa hela yako.

Kuhusu chupa nina neno moja zito. Sabuni ya maji, na baya zaidi dawa ya choo au kostiki soda, ikiwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, mtoto mwenye kiu ataifungua na kuinywa. Kostiki soda huunguza koo na umio kwa jeraha la maisha. Kama huwezi kununua kwenye chupa nyingine, hamishia kwenye chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji, andika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, na kiweke juu.

Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inapokuwepo, inaonyesha kwamba bidhaa imekidhi viwango vya ubora, na kemikali zenyewe zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani. Hata hivyo, alama ya ubora haikuwekwa ili kupima mazingira, na isisomwe hivyo. Hukumu yangu kwa sabuni ya maji ya mtaani ni kwamba inafaa sana kwa vyombo vyenye mafuta, inatoa povu hata kwenye maji yetu, bei yake ni ya haki, na inunuliwe tu kwa mtu anayekubali kukueleza alichotia.

Sasa nije kwenye sabuni ya mche ya nazi, ambayo kwangu ndiyo bidhaa iliyonifurahisha kuliko zote. Ninainunua kwa kikundi cha akina mama wanaokamua mafuta ya nazi wenyewe. Ni mche mweupe, mgumu, usio na rangi ya kuongezwa, na harufu yake ni hafifu. Kwa macho haina mvuto. Ubora wake unaonekana kwenye beseni. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, na sabuni inayotokana nayo huyeyuka na kutoa povu hata kwenye maji yenye chumvi, jambo ambalo sabuni za mafuta mengine mengi zinashindwa. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walibebeshwa sabuni ya nazi kwa kuogea maji ya bahari. Niliweka mabeseni mawili ya maji ya kisima, moja kwa mche wa kawaida wa dukani na jingine kwa mche wa nazi, na katika kila moja nikafua shati la shule lenye kola iliyoshika jasho la wiki. Beseni la kwanza lilibaki na maji mazito ya kijivu na chembe chembe zinazoelea, na ilibidi shati lisuuzwe tena na tena. La pili lilitoa povu tangu mkono wa kwanza, utando ulikuwepo lakini mchache, na kola ilitoka bila kupigwa brashi kwa nguvu. Kwa nyumba ya maji ya chumvi, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu maji ya kusuuzia ndiyo yanayomaliza tangi.

Kwa upande wa mazingira sabuni hii ina hoja ya kweli. Ni mafuta na kostiki soda vilivyogeuzana kuwa sabuni na glisirini, na huoza kwa urahisi kuliko kemikali za petroli, hata pale penye hewa kidogo. Haina chupa. Inafungwa kwa karatasi. Nazi zenyewe ni za pwani hii hii, na kumbi lake linatumika, kama nitakavyoeleza baadaye.

Kasoro zake zipo na sitazificha. Ni ghali, kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji nazi nyingi, na mafuta hayo yana soko la jikoni na la vipodozi, kwa hiyo bei ya mche haiwezi kushindana na ule wa dukani. Huyeyuka upesi ikiachwa kwenye maji, hivyo inahitaji kisahani chenye matundu. Na inakausha mikono. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye anaishika kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba hii, ndiye aliyeniambia: "Mama, hii ya nazi inatakatisha, lakini mikono inakuwa mikavu kama imepakwa chaki." Ana haki, kwa sababu nguvu ile ile inayotoa mafuta kwenye kola hutoa mafuta kwenye ngozi. Tuliongea na watengenezaji, wakatupa mche wenye mafuta ya ziada kidogo kwa ajili ya kufulia kwa mkono, na glavu sasa zimo kwenye bajeti ya mwezi pamoja na sabuni.

Anayetaka kuitengeneza mwenyewe aelewe hesabu yake. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hugeuzwa yote kuwa sabuni na takribani gramu 183 za kostiki soda safi. Mtengenezaji makini hutumia chini ya hapo kidogo, kama gramu 174, ili mafuta kiasi yabaki na soda yote iishe. Vijiko havitoshi hapa, ni lazima mizani. Kostiki soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, kwa kuwa hupata moto ghafla na kuruka usoni. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki soda huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kwa hiyo tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, fanya kazi nje penye upepo, na watoto wawe mbali. Miche ikishakatwa ianikwe kivulini kwa wiki nne hivi kabla ya kutumiwa. Kwa familia ndogo, maoni yangu ni kwamba kununua kwa watu wanaoijua kazi ni busara zaidi kuliko kuhifadhi kostiki soda ndani ya nyumba yenye watoto.

Sabuni ya mawese ya Kigoma nayo inastahili kutajwa. Hudumu zaidi ya ile ya nazi, haiyeyuki kwenye maji upesi, na ni nyororo kwa mikono. Kwenye maji ya kisima chetu, hata hivyo, inafanya utando mwingi, na nisingeichagua kwa nguo nyeupe bila kuyalainisha maji kwanza.

Na hapo ndipo magadi yanapoingia. Wengi wetu tunayajua magadi kwa maharage na kisamvu, lakini kazi yake kwenye beseni ni kubwa kuliko inavyosemwa. Magadi ya mawe, yale ya Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kaboneti hiyo hukutana na kalsiamu ya maji na kuizamisha chini kabla haijaishika sabuni. Mimi huyeyusha kipande chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba kwenye ndoo ya lita 20, naiacha ndoo itulie, halafu namimina maji ya juu na kuacha mashapo meupe pamoja na mchanga uliokuja na magadi. Sabuni yoyote ya mche, hata ile ya bei ya chini kabisa, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye maji hayo. Kwa gharama ya shilingi chache sijaona kitu kinachoyashinda magadi.

Magadi ya mawe yana ukali, kwa hiyo hayafai kwa hariri, kwa sufu, wala kwa mikono mitupu kwa muda mrefu. Hayafai pia kwa sufuria za alumini, ambazo hubadilika kuwa nyeusi. Bikaboneti ya paketi inayouzwa kwa ajili ya mandazi ni pole zaidi. Hiyo naitumia kusugulia sinki, friji kwa ndani na madoa ya chai kwenye vikombe, kwa kuwa haikwaruzi na haiachi harufu. Kulainishia maji haina nguvu ya kutosha.

Siki nyeupe ina kazi chache, lakini kazi hizo inazifanya kwa ukamilifu. Siki ya kawaida ya dukani ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, na asidi huyeyusha chokaa. Birika letu la umeme lilikuwa na magamba meupe yanayoelea kwenye chai. Siki nusu na maji nusu, yakichemshwa mara moja na kuachwa yapoe ndani, yaliyatoa magamba yote hadi chuma kikaonekana, na kilichobaki ni kusuuza na kuchemsha maji matupu mara moja ili harufu iishe. Bomba la bafuni lililozibwa matundu lilifunguka kwa kufungiwa mfuko wenye siki usiku kucha. Vioo navyo vinang'aa kwa siki kidogo kwenye maji na kitambaa kikavu cha pamba. Maji ya ndimu yanaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na kwa vitasa na njumu za shaba za milango ya kizamani sijaona kitu bora kuliko ukwaju uliochanganywa na chumvi, ukapakwa, ukasuguliwa, ukasuuzwa mara moja.

Ila asidi haichagui chokaa ya kula. Sakafu ya tarazo, marumaru ya jiwe halisi na saruji iliyopigwa rasta zote zina kalsiamu, nazo huliwa na siki polepole mpaka mng'ao unapotea, na mng'ao huo haurudi kwa kudeki. Vigae vya kauri havidhuriki. Kwa tarazo tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, basi.

Kuna pishi moja linalosambazwa kila mahali, la kuchanganya siki na magadi kwenye chupa moja na kuviita kisafishaji cha kila kitu. Namsihi msomaji asilinunue wala asilitengeneze. Asidi na alkali hubatilishana. Baada ya povu kutulia unabaki na maji yenye chumvi dhaifu isiyosafisha mafuta wala chokaa, na mtu ameuziwa hilo kwa bei ya dawa. Vitu hivi viwili vinafanya kazi vikitumika kwa zamu: magadi kwanza kwa mafuta, suuza, kisha siki kwa chokaa.

Majivu na makumbi ya nazi nimeviweka hapa kwa heshima kamili, kwa sababu sufuria nyeusi kwa masizi ya kuni ndicho chombo kinachowashinda wauzaji wote wa dawa za chupa. Majivu ya kuni yaliyochekechwa kwa kitambaa yana potasiamu kaboneti, ambayo hukamata mafuta, na chembe zake ndogo husugua. Loweka kipande cha kumbi, kichovye kwenye majivu, sugua kwa mzunguko ukianzia kwenye ukingo ambako masizi ni laini na kushuka kwenye kitako ambako yameshikana na mafuta. Chuma na udongo hutoka vizuri. Alumini husuguka lakini hupoteza mng'ao, na kipande cha ndimu mwishoni huurudisha kwa sehemu kubwa. Usiyatumie kwenye vikaango vyenye utando wa kuzuia chakula kisishike, na usitumie majivu ya moto uliochomewa plastiki au mbao zilizopakwa rangi. Waya wa chuma niliuacha kwa kuwa nyuzi zake hukatikia kwenye chakula, na kumbi likichakaa hutupwa shambani likaoza.

Kwa harufu nzuri, matone machache ya mafuta ya karafuu kwenye ndoo ya kudekia yanatosha. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa Wawi, Pemba, yana yujenoli kwa wingi, ambayo hudhoofisha kuvu, na kona ya bafu letu iliyokuwa ikiota madoa meusi wakati wa masika imetulia tangu tulipoanza kuipangusa kwa maji yenye mafuta hayo. Yasiguswe bila kuchanganywa, yanachoma ngozi.

Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na kuuzwa kwenye supamaketi kubwa kwa maandishi ya kijani sitazizungumzia kwa kirefu. Zipo zilizo nzuri, na zinatambulika kwa alama zinazosimamiwa kwa vigezo, kama ua la Umoja wa Ulaya lililoanza mwaka 1992, Malaika wa Buluu wa Ujerumani wa mwaka 1978 au bata maji wa nchi za Nordiki. Jani la kuchora tu kwenye lebo halina anayelisimamia. Kwa bei yake, na kwa safari ya meli iliyosafirisha chupa hiyo yenye maji kwa sehemu kubwa, sijashawishika kununua tena.

Imebaki klorini, ambayo wapenzi wengi wa bidhaa za asili wanaishauri itupwe kabisa. Siwezi kukubaliana nao. Siki haiui vimelea vya kipindupindu kwa namna ya kutegemewa, na mtu aliyekuwa Dar es Salaam wakati wa mlipuko ulioanza Agosti 2015 anajua gharama ya kukosa dawa ya kweli ndani ya nyumba kukiwa na mgonjwa wa kuhara. Ninalolikataa ni kuimwaga kila asubuhi chooni na sakafuni kwa ajili ya harufu tu, kwa sababu huko shimoni inaua bakteria wanaooza uchafu, na shimo hujaa mapema. Kwa kazi za kila siku sabuni inatosha. Panapokuwa na damu, matapishi au kinyesi cha mgonjwa, dawa ya klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji ili kupata asilimia 0.5, hutengenezwa siku hiyo hiyo kwa kuwa hupoteza nguvu, na huachwa ikae juu ya sehemu iliyokwisha kupanguswa uchafu kabla ya kusuuzwa.

Isichanganywe kamwe na siki, ndimu, asidi ya choo wala mkojo uliosimama, maana gesi inayotoka huharibu mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha halimpi mtu nafasi ya kukimbia. Nyumbani kwetu klorini ipo chupa moja ndogo, ndani ya chupa yake ya dukani yenye lebo, kwenye kabati la juu lenye kufuli. Siki iko jikoni, na kila anayefanya usafi katika nyumba hii ameelezwa kwa nini vitu hivyo viwili vimewekwa vyumba tofauti.